Malalamiko Yanayogeuka Swichi

Kufikia tarehe 15 Septemba 2025, siku Apple ilipowaachia watu wote iOS 26, mwonekano mpya wa iPhone ulikuwa umeshakebehiwa kwa miezi mitatu mizima. Ulitangazwa tarehe 9 Juni kwa jina la Liquid Glass, na tangu hapo waliopakua matoleo ya majaribio hawakuacha kusambaza picha za skrini zao: herufi nyeupe juu ya kidirisha kinachopitisha mwanga, nyuma yake picha ya ufukwe au ya harusi, na msomaji akikodoa macho kutafuta maneno yameishia wapi. Wapo walioupenda papo hapo. Na watetezi wake walikuwa na jibu moja, lile lile linalotolewa kila sura ya simu inapobadilishwa: mtazoea.

Jibu hilo halipuuziki, kwa sababu mara nyingi limekuwa kweli. Lakini si mara zote, na kelele zenyewe hazimsaidii mtu kujua ni lini. Anayelalamika kwamba aikoni zina rangi za pipi na anayelalamika kwamba simu inamtia kichefuchefu hupaza sauti wiki moja, kwa ukali ule ule, na hunyamaza karibu wakati mmoja. Mahali pazuri zaidi pa kutazama ni kwenye Mipangilio. Swichi nyingi zilizomo humo, hasa upande wa ufikivu, hazikuwekwa na mbunifu aliyeamka na wazo jema. Ni alama za ugomvi: pale kampuni iliposema watu watazoea, kisha ikakiri kimyakimya kwamba wapo wasioweza. (Si zote. VoiceOver, inayowasomea wasioona yaliyoko kwenye skrini, iliingia iPhone 3GS mwaka 2009 bila ugomvi wowote wa sura, na kwa maoni yangu ni katika kazi bora kabisa za kampuni hiyo.)

Ugomvi wenye mafunzo mengi zaidi ni wa mwaka 2013. Kabla yake iPhone ilijaa vitu vya kuigiza. Programu ya Notes ilikuwa karatasi ya njano yenye mistari. Game Center ilitandikwa kitambaa cha kijani cha meza ya kamari, iBooks ilipanga vitabu kwenye rafu za mbao, Find My Friends ilivikwa ngozi na nyuzi za mshono zikaonekana. Podcasts ilizungusha mkanda wa kinasa sauti ambacho wasikilizaji wake wengi hawakuwahi kukigusa. Mapambo hayo yalikuwa na kazi mwanzoni. Mwaka 2007 watu walikuwa wakipewa kioo kitupu kwa mara ya kwanza na hawakujua wabonyeze wapi. Kitufe kilichovimba chenye kivuli chini yake kiliwaonyesha. Steve Jobs aliyapenda, na Scott Forstall, msimamizi wa iOS, aliyaendeleza hadi yakapita kiasi. Oktoba 2012, mwezi mmoja baada ya Tim Cook, aliyekuwa akiiongoza Apple, kuomba radhi hadharani kwa ubovu wa ramani za iOS 6, ikatangazwa kwamba Forstall anaondoka. Sura ya programu akakabidhiwa Jony Ive, ambaye hadi hapo umaarufu wake ulikuwa katika kuunda vifaa vyenyewe: alumini, kioo, kingo.

Ive alivifagia vyote. iOS 7, iliyotangazwa tarehe 10 Juni 2013 na kutolewa tarehe 18 Septemba, haikubakiza ngozi wala mbao. Vitufe vilivuliwa mipaka na vivuli, vingi vikabaki maneno matupu ya rangi. Herufi zilikondeshwa. Picha ya nyuma ikaanza kuelea: ukiinamisha simu, aikoni zinahama kidogo juu yake. Kufungua programu kukawa ni kuzama, skrini ikivutwa mbele na aikoni ikivimba hadi ikumeze. Cook aliyaita mabadiliko makubwa kuliko yote tangu iPhone ya kwanza, na katika hilo hakutia chumvi.

Malalamiko yakaja ya kila namna. Wabunifu wa michoro walizishambulia aikoni. Ile ya Game Center, iliyogeuka mapovu ya rangi, haikumwambia mtu chochote. Wenye iPhone 4, simu kongwe kuliko zote zilizoruhusiwa kupokea toleo hilo, walikuta imekuwa nzito. Watu wa makamo walisema herufi hawazioni. Wengine hawakujua lipi ni neno tu na lipi ni neno la kubonyeza. Kwenye kibodi, kitufe cha herufi kubwa kilipakwa rangi kwa namna ambayo ilikuwa vigumu kujua kimewashwa au kimezimwa, na watu walioandika kwa simu kwa miaka wakawa wanabonyeza na kungoja herufi itokee ndipo wajue. Na wapo waliosema kwamba wakifungua na kufunga programu wanasikia kizunguzungu. Hao ndio waliochekwa zaidi.

Sasa fuata kila lalamiko hadi lilikoishia. Ngozi na mbao hakuna anayezililia leo. Aikoni zilizokebehiwa ziliendelea na maisha yao. Herufi nyembamba zilinenepeshwa mapema kabisa, kwenye toleo la tatu la majaribio mwezi Julai, kabla hata simu za watu wa kawaida hazijaguswa. Kizunguzungu kilichukua muda zaidi. Swichi ya kupunguza mwendo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila ilizima kule kuelea kwa picha ya nyuma tu. Miruko ya kufungua programu, iliyokuwa ndiyo kiini cha tatizo, iliendelea vile vile. Tarehe 22 Oktoba likatoka toleo la 7.0.3, na swichi ile ile ikapewa nguvu ya kuibadilisha miruko hiyo kuwa kufifia kwa utulivu. Tarehe 10 Machi 2014 likaja 7.1 na furushi zima: swichi ya kuvirudishia vitufe umbo, nyingine ya kukoleza rangi, nyingine ya kupunguza ukali wa weupe, na nafuu ya kasi kwa iPhone 4. Kitufe cha herufi kubwa kilisumbua hadi 2015, iOS 9 ilipoifanya kibodi yenyewe ionyeshe herufi ndogo pale zitakapoandikwa ndogo, na kubwa pale zitakapoandikwa kubwa.

Mgawanyo unaonekana waziwazi. Yaliyohusu ladha yalikufa yenyewe. Yaliyohusu macho, sikio la ndani, na uwezo wa mtu kujua kitu gani kinafanya nini, yalilipwa, baadhi kwa wiki tano, baadhi kwa miaka miwili. Walalamikaji wa aina hizo mbili walikuwa wamepewa jibu moja.

Ladha inakufa kwa sababu zinazoeleweka. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, bila lolote jingine kuongezwa, kunatosha kumfanya mtu akipende zaidi. Simu tunaitazama kutwa. Hakuna picha iliyotundikwa ukutani inayopata bahati hiyo. Halafu kuna mkono. Mwenye simu hafikirii kamera iko wapi, dole gumba linajua, na sura inapobadilika linafika pale pale na kukuta kitu kingine. Ni sawa na kulala nyumbani kwako ukaamka usiku na kukuta fundi amehamisha swichi zote za taa. Hasira inayotokea hapo si ya ujinga wala ya ushamba, maana ulichonyang'anywa ni ujuzi ulioujenga bila kujua kwamba unaujenga. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hii huisha: baada ya wiki chache dole gumba limejifunza ramani mpya, na ile ya zamani ikirudishwa itakera vile vile.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaosema watu huzoea, mpaka hapo. Ninachokikataa ni hatua inayofuata, ya kuuchukua ukimya kuwa ridhaa. Septemba 2013 Apple ilitangaza kwamba vifaa zaidi ya milioni 200 vilikuwa vinatumia iOS 7 katika siku zisizotimia tano, na mwezi uliofuata ikasema asilimia 64 ya vifaa vyake vimeshahamia huko. Takwimu hizo zilisomwa kama kura. Lakini kura huwa na upande wa pili. Mwenye iPhone akishahama, mlango hufungwa: Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani baada ya muda mfupi, na hata ukilihifadhi faili lake huwezi kulirudisha kwenye simu. Asiyehama naye, siku zinavyosonga, hubaki na mianya ya usalama isiyozibwa na programu zinazoanza kumkataa, ile ya benki ikiwa mstari wa mbele. Mara nyingi sura na usalama huja ndani ya furushi moja. Unayetaka kitasa kipya cha mlango unachukua na rangi mpya ya ukuta.

Kinachotokea watu wanapokuwa na pa kwenda kimeshaonekana. Microsoft ilipotoa Windows 8 tarehe 26 Oktoba 2012 iliondoa kitufe cha Start kilichokuwa kona ile ile tangu Windows 95. Kompyuta si kama simu. Kampuni nyingi na watu wengi walibaki tu na Windows 7, ikaendelea kuwapita warithi wake kwa miaka. Kitufe kilirudishwa ndani ya mwaka mmoja, kwenye 8.1, na menyu yenyewe ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Snapchat ni mfano mkali zaidi. Mwanzoni mwa 2018 ilipanga upya kurasa zake, mazungumzo ya marafiki yakichanganywa na hadithi zao kwa namna iliyowachukiza vijana. Zaidi ya watu milioni 1.2 walitia saini ombi la kutaka ya zamani irudi. Mwanzoni kampuni ilishikilia msimamo wake. Watumiaji wake wa kila siku, waliokuwa milioni 191 katika robo ya kwanza ya mwaka, wakashuka hadi milioni 188 katika robo ya pili na milioni 186 katika ya tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hesabu hiyo kushuka. Sioni sababu ya kuamini kwamba wenye iPhone ni wavumilivu kuliko vijana wa Snapchat. Tofauti ni kwamba kijana anaifuta Snapchat kwa kubonyeza mara mbili, wakati mwenye iPhone ameweka humo picha za miaka kumi, namba za watu, nywila, na simu yenyewe aliinunua kwa fedha za kuumiza.

Turudi kwenye yale yasiyozoeleka, maana ndiyo yenye uzito. Jicho la binadamu husoma kwa tofauti ya mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake. Tofauti hiyo hupimwa: nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu ni 21 kwa 1, na miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, toleo la mwaka 2008, inataka maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 4.5 kwa 1. Umri unapofika arobaini na kitu, lenzi ya jicho hukakamaa na mtu huanza kuisogeza simu mbali ili asome. Miaka ikizidi, jicho hupungukiwa pia na uwezo wa kutofautisha kijivu na kijivu. Hakuna mazoea yatakayolainisha lenzi. Na kizunguzungu nacho kina maelezo yake: macho yanapoambia ubongo kwamba mwili unasonga mbele, huku sikio la ndani likisema mwili umetulia kwenye kiti, baadhi ya watu huugua, kama wengine wanavyougua ndani ya boti. Kwa wenye matatizo ya mizani ya mwili, miruko ya iOS 7 haikuwa kero ya sekunde moja. Iliharibu saa nzima.

Kwa nini watu wenye akili na fedha nyingi kama hao hawakuyaona haya kabla? Sidhani walikuwa hawajali. Sura ya simu hubuniwa kwenye skrini kubwa na safi, ndani ya chumba chenye mwanga uliopangwa, na watu ambao macho yao ndiyo mtaji wao wa kazi. Picha ya nyuma huchaguliwa ili ipendeze siku ya tangazo. Mtu anayesoma ujumbe wa malipo akiwa juu ya bodaboda Kinondoni saa saba mchana, jua limepiga kioo chenye mikwaruzo, hayumo chumbani humo. Simu yake pengine si iPhone kabisa, lakini mitindo husafiri: Apple ilipozifanya sura kuwa bapa mwaka 2013, kampuni nyingi za simu za Android zilielekea huko huko, na nyingine ziliziiga hata aikoni zenyewe.

Liquid Glass imeurudisha ugomvi wa herufi kwa njia ngumu zaidi. Mwaka 2013 herufi ilikuwa nyembamba lakini ilikaa juu ya weupe unaojulikana. Mbunifu angeweza kuipima mezani kwake akaamua. Kioo kinachopitisha kilicho chini yake hakipimiki hivyo. Kitufe kile kile kinasomeka kikiwa juu ya aya ya maandishi, kinapotea ukisogeza ukurasa na picha ya mawingu ikapita chini yake, kisha kinasomeka tena. Programu hujitahidi kufidia kwa kugeuza herufi nyeusi au nyeupe kulingana na kilichopo nyuma, na hapo ndipo mtumiaji anapoona vitu vikipepesa bila yeye kufanya lolote. Nielsen Norman Group, taasisi inayoheshimika kuliko nyingi katika utafiti wa urahisi wa matumizi, iliichambua iOS 26 na kuikosoa vikali. Mmoja wa waasisi wake, Don Norman, aliwahi kufanya kazi Apple miaka ya tisini, na mwaka 2015 yeye na Bruce Tognazzini, mkongwe mwingine wa kampuni hiyo, walikuwa wameshaandika kwamba Apple imeanza kuupa uzuri kipaumbele kuliko kueleweka. Kwa hiyo huwezi kusema wakosoaji wote ni wazee wasiotaka mabadiliko. Ingawa, kusema kweli, baadhi yao ndivyo walivyo.

Miezi ile ya majaribio ilikuwa kama mzani usiotulia. Toleo la pili, mwishoni mwa Juni, lilitia giza na ukungu nyuma ya paneli ya vidhibiti, ambayo kwenye toleo la kwanza ilikuwa haisomeki kabisa. La tatu, mapema Julai, liliongeza ukungu kila mahali. Wakainuka walalamikaji wapya: kioo kiko wapi mlichotuahidi? La nne likarudisha uwazi. Watazamaji wengi waliyacheka hayo kama dalili ya kampuni isiyojua inachotaka. Mimi nayaona kuwa ushahidi wa jambo jingine, kwamba hapakuwa na kiwango kimoja cha uwazi kinachoweza kumfaa aliye na miaka 22 na aliye na miaka 60 kwa pamoja, na kampuni ilikuwa inakitafuta mahali kisipokuwepo. Tarehe 3 Novemba 2025, wiki saba tu baada ya kutoa iOS 26, ilikata tamaa ya kukitafuta. Toleo la 26.1 lilikuja na chaguo: kioo kiangavu, au kioo kilichotiwa rangi ili maandishi yasimame. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba Alan Dye, aliyeongoza timu ya sura hiyo, anahamia Meta, na nafasi yake ikachukuliwa na Stephen Lemay, aliyekuwepo Apple tangu 1999. Wapo walioshangilia kana kwamba timu ya taifa imepata kocha mpya. Kumbebesha mtu mmoja lawama za uamuzi uliopitishwa na kampuni nzima ni rahisi mno.

Kuna swali la nani anasikika. Wanaopakua matoleo ya majaribio ni waandaaji wa programu na wapenzi wa teknolojia, wengi wao vijana, wenye simu mpya na intaneti isiyohesabiwa kwa bando. Malalamiko yao hufika kwa wakati, yakiwa na picha na video za ushahidi. Mama aliyeachiwa simu na mwanawe hayumo katika hesabu hiyo. Sura ikibadilika, yeye halalamiki. Anajilaumu. Humwita mjukuu, au humpelekea fundi wa simu, na kusema ameiharibu: "Sijui nimebonyeza nini." Kauli hiyo haifiki kwa kampuni yoyote, wala haihesabiwi kama malalamiko, na nina hakika kwamba ndiyo ya kawaida zaidi kuliko zote.

Afrika Mashariki ina namna zake za kukutana na jambo hili, na hazifanani sana na za California. Simu nyingi ni za Android, nyingi kati ya hizo ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion, kila moja ikivaa vazi lake juu ya mfumo wa Google: HiOS kwenye Tecno, XOS kwenye Infinix. Simu za bei nafuu hupokea masasisho machache, hivyo sura mpya mara nyingi haiji kama sasisho la usiku. Inakuja na simu mpya, mtu anapobadilisha iliyopasuka. Mshtuko unakuwa mkubwa zaidi kwa kuwa inarukwa miaka minne kwa siku moja, lakini hauna hasira ya kuingiliwa, maana mwenyewe alikwenda dukani na kuchagua. Wenye Samsung walionja mchanganyiko wa yote mawili mwaka 2025: One UI 7 ilitenganisha arifa na vidhibiti vya haraka, ukivuta kutoka kushoto unapata kimoja na ukivuta kutoka kulia unapata kingine, na kwa waliozoea kuvuta popote simu ikawa haieleweki. Samsung walau ilikuwa na swichi ya kuviunganisha tena tangu mwanzo. Wengi hawajui kwamba ipo.

Wanunuzi wa iPhone zilizotumika, zile zinazoletwa kwa wingi kutoka Dubai, wanakutana na mpaka mwingine. iOS 26 inaanzia iPhone 11. Mwenye XS au XR anabaki na iOS 18 bila kuombwa maoni. Mwaka 2013 waliokuwa kwenye mpaka walikuwa na bahati mbaya zaidi, kwa kuwa iPhone 4 iliruhusiwa kuvuka kisha ikachoka. Ningekuwa na XR leo nisingehuzunika sana.

Na kuna kiolesura kimoja ambacho watu wa huku wanakijua kwa vidole kuliko kingine chochote, nacho hakina rangi wala kioo: menyu ya namba za huduma za fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, miezi michache kabla iPhone ya kwanza haijauzwa Marekani, na hadi leo kuna watu Tanzania wanaopiga *150*00# na kufuatisha tarakimu bila kusoma hata mstari mmoja. Kwao menyu ni wimbo wa vidole. Ikiongezwa huduma mpya katikati na namba zikasogea, mtu haoni tofauti yoyote ya sura, lakini anajikuta ananunua muda wa maongezi alipotaka kutuma fedha. Hakuna mtu atakayesema ni suala la ladha. Watetezi wa mabadiliko ya simu janja wangefaidika kuutazama mfano huu, kwa sababu unaonyesha jambo hilo likiwa uchi, bila mapambo ya kubishania: kuna maarifa mkononi mwa mtu, na aliyeyavuruga hakumuuliza.

Je, swichi inatosha? Ni bora kuliko kutokuwepo, na aliyewahi kusumbuliwa na kizunguzungu hatakubali uicheke. Lakini ina udhaifu mkubwa: inamtaka anayeumia ajue kwamba kuna kitu cha kutafuta, ajue kinaitwaje, na aweze kusoma skrini ile ile isiyosomeka ili akifikie. Pia inaipa kampuni njia ya kutokukiri. Chaguo la msingi linabaki lilivyokuwa, na anayeumia anahesabiwa kuwa ndiye wa pekee. Marekebisho ninayoyaheshimu ni yale yaliyogusa chaguo la msingi lenyewe. Kibodi ya iOS 9 ni mfano: kila mtu alirekebishiwa, na aliyetaka ile ya zamani ndiye aliyepewa swichi. Programu ya Photos ni mwingine. Mwaka 2024, kwenye iOS 18, vichupo vyake vya chini viliondolewa na kila kitu kikamwagwa kwenye ukurasa mmoja mrefu. Mwaka mmoja baadaye iOS 26, pamoja na lawama zote za kioo chake, iliwarudishia watu vichupo. Safari ilipata bahati ya kurekebishwa mapema, kiangazi cha 2021, pale upau wa anwani uliposhushwa chini ya skrini kwenye majaribio ya iOS 15, watu wakapinga, na ukaruhusiwa kurudi juu kabla ya toleo rasmi. Wengi waliojaribu chini waliona ni pazuri, hasa kwa simu kubwa na mkono mmoja. Wamebaki huko kwa hiari yao.

Nisisomeke kama mtu anayetaka simu zigande. Mapambo ya ngozi yalistahili kuondoka. Kufikia 2013 yalikuwa yanawafundisha watu somo walilokwisha kulijua, na kwenye skrini ndogo yalikula nafasi. Skrini zilipokua, vitu vilipaswa kusogea karibu na dole gumba. Hata kioo cha 2025 kina hoja ndani yake: kuyaacha maudhui yachukue skrini nzima na vidhibiti vielee juu yake. Biashara nayo ipo, hakuna haja ya kujifanya haipo. Simu ya mwaka huu hufanana mno na ya mwaka jana, na sura mpya ni njia ya bei nafuu ya kuifanya ionekane mpya mkononi. Ninachotaka ni kwamba kinachozoeleka na kisichozoeleka visipewe jibu moja. Pia sioni sababu ya kiufundi isiyoshindika ya kufunga kiraka cha usalama na rangi ya vitufe katika furushi moja kwa watu wote.

Kuna badiliko moja dogo ambalo sikuona likizungumzwa sana. Mwaka 2013 swichi ya kupunguza mwendo iliwekwa ndani ya ufikivu, na ufikivu wenyewe ulikuwa umefichwa ndani ya sehemu ya mambo ya jumla. Ulipandishwa hadi ukurasa wa kwanza wa Mipangilio mwaka 2019 tu, na iOS 13. Aliyesikia kizunguzungu alielekezwa kwenye chumba cha wagonjwa, na chumba chenyewe kilikuwa uani. Chaguo la Novemba 2025 limewekwa kwenye sehemu ya skrini na mwangaza, pale ambapo kila mtu hupita kupunguza mwanga usiku. Aliyeliweka hapo alijua kwamba wanaolihitaji ni wengi. Lakini ukilifungua unakuta njia mbili tu, na zote mbili ni kioo.